Sisi Tuliorudisha Mstari kwa Mkono

Enzi zetu ritani ilikuwa mkono. Nasema hivi mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nina mengi ya kusema na sitarudia. Kwenye taipureta, ile mashine ya chuma ya kupigia chapa, kulikuwa na wenzo upande wa kushoto, umbo lake kama mpini wa kijiko. Ukifika mwisho wa mstari kengele inalia, ting! Unaachia herufi, unapeleka mkono wa kushoto juu, unausukuma ule wenzo kwenda kulia, na chuma chote pamoja na karatasi kinarudi mwanzo na kupanda mstari mmoja. Huko ndiko kurudisha. Waliokuja baadaye wakakifanya kitendo kile kuwa kitufe cha kidole cha mwisho, wakakiita ritani. Wengine wakaja wakakiita enta. Na sasa binti yangu Furaha ananiambia kwenye simu yake hata enta haipo, kuna kamshale tu, na hako kamshale yeye hakagusi kwa sababu anaongea na simu nayo inaandika.

Nina duka la stesheneri hapa Mkolani, Mwanza: kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi na benchi la wateja. Kijana akija kuandikiwa barua ya kuomba kazi, nikamwambia "ngoja nipige ritani," ananitazama kana kwamba nimeongea Kilatini. Furaha akiwa likizo hunisaidia pale dukani, na kila nikitoa neno kama hilo ananivuta pembeni. "Mama, sema enta, unatuaibisha." Siku nyingine alinishauri niwe nasema "gusa hapo" basi, maana siku hizi kila kitu ni gusa hapo. Nimekataa. Sina ugomvi na simu yake, na hizi kompyuta nazipenda, ndizo zinazomsomesha. Lakini maneno yale niliyapokea kutoka kwenye mikono ya mtu, na sijasikia bado sababu ya maana ya kuyatupa.

Tulipokuwa wadogo Mkolani ilikuwa mawe na mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule. Watoto wa mtaa wetu tulikuwa na jiwe letu la kuteleza, lililolainika kwa makalio yetu hadi linang'aa, na kaptula na sketi zetu zote zilikuwa na tundu mahali pamoja. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka jua linazama. Njaa ikituuma tuliingia ndani, tukachota michembe kwenye debe, vile viazi vilivyokaushwa, tukatafuna na karanga huku tunakimbia. Leo mtoto akianguka mchezoni anapelekwa kupigwa picha za mifupa. Sisi ukianguka uliambiwa unyanyuke haraka, usije ukakanyagwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Redioni walisema uchumi umefunguliwa, na kweli tuliuona umefunguliwa: mitumba ikajaa, dawa ya meno ikawa ya aina tano, na wazazi wa wenzetu wakaanza kuonekana nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi. Neno lililotumika lilikuwa "kupunguzwa." Mama yangu, Perusi, Mjita kutoka kule Majita upande wa Mara, alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya ununuzi wa pamba mjini. Baba alikuwa ameshafariki, nikiwa darasa la kwanza. Siku mama alipopunguzwa walimpa mkono wa kwaheri na taipureta yake mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Aliibeba kichwani kutoka barabarani, imefungwa ndani ya khanga, na majirani wakadhani ni cherehani. Kesho yake mama mmoja alipiga hodi na kitambaa, anataka gauni la kipaimara la binti yake.

Basi baraza yetu ikawa ofisi. Watu walikuja kuandikiwa barua za kuomba nafasi za shule, matangazo ya misiba, kumbukumbu za vikao vya kwaya. Wanachuo wa ualimu kutoka Butimba walileta taarifa zao za mazoezi ya kufundisha, mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani namwona mama, maana ndiyo aliyokuwa akiipaka mashine yake kila Jumamosi kwa unyoya wa kuku. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa utepe wa wino usiotoka hata kwa majivu. Kanisani alikuwa akivificha ndani ya khanga, na mimi nilikuwa naona fahari nikivishika.

Alitufundisha mimi na mdogo wangu Eliza kabla hatujajua kupika ugali vizuri. Kwanza unaweka vidole kwenye mstari wa kati, kila kidole na nyumba yake. Kisha mama anavua khanga mabegani, anafunika mashine pamoja na mikono yako, huoni kitu. "Macho kwenye karatasi," anasema, huku anagonga meza kwa rula. "Vidole vinajua njia." Tunaimba: a, s, d, f, halafu mkono wa pili, nukta-mkato, l, k, j. Wimbo huo ulitoka barazani ukaenda kwenye kamba, na watoto wa mtaa mzima wakawa wanaruka kamba kwa a, s, d, f bila kujua ni nini. Mzee wa kanisa alipita akauliza ni wimbo wa dhehebu gani.

Mashine yenyewe ilikuwa na adabu zake. Haikuwa na namba moja. Ukiitaka unapiga l ndogo, na hakuna aliyelalamika. Haikuwa na alama ya mshangao pia. Unaijenga: unapiga kile kijimkia cha katikati ya neno ng'ombe, unarudi nyuma hatua moja, unapiga nukta chini yake. Kazi yote hiyo kwa mshangao mmoja, kwa hiyo watu hawakuwa wanashangaa ovyo. Furaha juzi amemwandikia rafiki yake heri ya siku ya kuzaliwa na mishangao kumi na minne. Nilihesabu.

Na shifti, ambayo leo ni kamshale kengine, ilikuwa inanyanyua chuma. Ukitaka herufi kubwa unakandamiza kwa kidole cha mwisho na tumbo lote la mashine linapanda. Eliza alikuwa anatumia ngumi. Kitufe cha kurudi nyuma kilirudi nyuma tu. Hakikufuta chochote, ulilikuta kosa lako pale pale linakungoja. Ukitaka nakala, unaweka karatasi ya kaboni katikati ya mbili nyeupe na unapiga kwa nguvu ifike hadi chini. Siku hizi watu wanatuma barua pepe na kuweka wengine kwenye "sisii," ambayo ni nakala ya kaboni hiyo hiyo, nao hawajawahi kuiona kaboni wala kuchafuka nayo. Nikimweleza Furaha anasema, "Sawa, Mama," kwa ile sauti.

Lakini sheria kubwa ya mama ilikuwa moja: ukurasa ukiharibika, unaandikwa upya wote. Hakuna kuparura kwa wembe, hakuna kupaka wino mweupe. Hata kama kosa liko mstari wa mwisho kabisa. Mteja anaweza kusema "mama, acha tu, inasomeka," naye mama anakuwa ameshaichomoa karatasi. Nilikuwa namwonea huruma kwa hilo, na siku nyingine hasira, kwa sababu chakula kilichelewa.

Mwaka ule nilipokuwa darasa la sita kazi za barazani zilipungua. Mjini walifungua ofisi zenye kompyuta, barua zinatoka na herufi za kupendeza kama za gazetini, na wateja wakaanza kutupita. Ndipo mama akasikia kwamba kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, kule chini ufuoni upande wa Butimba, kinatafuta mhazili, yaani mtu wa kuandika barua na kutunza mafaili. Nafasi moja. Sharti, awe anajua kompyuta. Jioni ile alituketisha mimi na Eliza akatuambia waziwazi, maana hakuwa mtu wa kuzunguka. "Nikiipata hii kazi, tunabaki. Nikiikosa, shule ikifungwa tunarudi Majita kwa bibi yenu."

Naomba Wajita wenzangu wanielewe. Majita nilikupenda. Tulikwenda likizo, bibi anatupikia ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vidogo vya mifupa mingi, tunaoga ziwani hadi vidole vinakunjamana. Lakini likizo ina mwisho, ndiyo raha yake. Nilikuwa na dawati langu, nilikuwa na mwalimu aliyeniambia nitafaulu, nilikuwa na jiwe. Sikutaka kuondoka, na nilijua kinachonizuia nisiondoke ni vidole kumi vya mama, naye hajawahi kugusa kompyuta hata siku moja.

Alikwenda kuitazama. Kijana mmoja wa ofisi za mjini alimruhusu asimame mlangoni, aangalie bila kuingia. Akarudi nyumbani, akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akachora nyuma yake kwa kalamu kila kitufe alichokiona, na mezani pakawa na kompyuta yetu ya karatasi. "Herufi ni zile zile," alisema. "Wameongeza vitufe pembeni tu, kama shanga." Wiki nzima, kila nilipotoka shule, nilimsomea kitabu changu cha maarifa naye akapiga juu ya kalenda. Na kila mwisho wa mstari, mkono wa kushoto ulikuwa unaruka juu na kusukuma hewa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakukasirika. "Cheka tu," alisema. "Mkono huu ndio unaokulisha."

Siku ya usaili ilikuwa Jumamosi asubuhi, akanichukua nimbebee viatu. Mwanamke aliyejiheshimu hakutembea vumbini na viatu vya ofisini; alitembea na ndala, viatu vikiwa kwenye mfuko, akavivaa getini. Nyuma ya kiwanda wanawake walikuwa wanagombania mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, na juu ya paa korongo wamejipanga wanasubiri zamu yao. Ofisi ilikuwa ghorofani. Dirisha lilitazama ziwa, na ziwa siku hiyo lilikuwa kijani hadi mbali kwa magugu maji.

Msimamizi aliitwa Bwana Chandu, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mtu mzima mwenye tai na kandambili. Ukoo wao ulinunua pamba vijijini tangu kwa babu yake, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha majirani zetu wengi.

"Mwangaluka, mama," akasalimia.

"Mwangaluka. Ila mimi ni Mjita."

"Basi Msukuma hapa ni mimi peke yangu," akasema, akacheka mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti cha kona.

Waombaji walikuwa wawili. Mwenzake mama alikuwa dada kijana anaitwa Doris, ametoka kusoma kompyuta Dar es Salaam, nywele zimewekwa dawa, mikono haina doa. Jaribio lilikuwa lile lile kwa wote: barua ya Kiingereza ya ukurasa mmoja, ameiandika Bwana Chandu kwa kalamu, kwenda kwa wanunuzi wa Ulaya. Doris akaanza. Alipiga kwa vidole viwili, anatafuta herufi kama mtu anayechambua mchele, lakini mashine aliijua. Kipanya kilimtii. Alipomaliza, Bwana Chandu akamwambia aingize sentensi moja katikati ya aya ya kwanza. Doris akaiingiza, na mistari yote ya chini ikajisogeza yenyewe, ikajipanga, ikatulia. Ikawa zamu ya mama.

Akakaa. Vidole vyake vilizoea kupiga chuma, na vile vitufe vilikuwa laini. Akakandamiza herufi ya kwanza ikatoka mara sita. Akafuta kwa maelekezo ya Doris, akaanza tena polepole, macho yanahangaika kati ya kioo na vitufe vya pembeni, zile shanga. Alipokaribia mwisho wa mstari akasimama.

"Kengele yake iko wapi?"

Bwana Chandu hakuelewa. Doris ndiye aliyeelewa. "Haina kengele, mama. Ukifika mwisho inarudi yenyewe."

"Inarudi yenyewe, nani kaiambia?" mama akauliza, na bila kungoja jibu mkono wa kushoto ukaruka juu na kusukuma. Bwana Chandu alikuwa amesimama upande huo. Ulimkuta tumboni.

Akahamia upande wa pili. Mama akaomba radhi, akaendelea, na tangu hapo kila mwisho wa mstari akawa anakikandamiza kitufe kikubwa kilichoandikwa ritani, kwa sababu hicho walau jina lake alilifahamu. Alimaliza. Ukurasa ulipendeza. Kisha Bwana Chandu akamwambia aingize ile sentensi, naye akaiingiza, na barua ikavunjika mbele yetu. Mstari mmoja ukafurika, chini yake neno moja likakaa peke yake, na mistari iliyofuata haikusogea kuziba pengo. Kila mahali alipokuwa amerudisha, mashine ilikuwa imekumbuka.

Hakuna aliyecheka. Doris alitazama chini. Bwana Chandu akakohoa kidogo, akasema kwa upole kabisa, "Asante sana, mama. Tutakuita."

Hata mtoto wa darasa la sita alijua maana ya tutakuita. Nilikumbatia ule mfuko wenye ndala nikaona dawati langu analikalia mtu mwingine. Nilitaka mama anyanyuke haraka tuondoke kabla sijalia mbele ya watu wale. Hakunyanyuka.

"Nitaandika upya," akasema.

"Si lazima, mama, nimeshaona."

"Najua si lazima."

Akamwomba Doris amfungulie ukurasa mweupe. Doris angeweza kukataa, nafasi ilikuwa moja na karibu ilikuwa mkononi mwake, lakini alimfungulia. Mama akavua khanga mabegani, akaikung'uta, akafunika kibodi yote pamoja na mikono yake, mbele ya yule Bwana na tai yake. Macho akayaweka kwenye karatasi ya kalamu, kioo hakukitazama tena. Halafu akapiga.

Sijui niwaelezeje ninyi mnaogusa hapo. Ilikuwa sauti ya mvua ya kwanza kwenye bati, haikatiki. Chini ya khanga huoni vidole, unaona kitambaa kinatetemeka, na mwisho wa kila mstari pembe ya kushoto ya khanga inainuka kidogo, kisha inashuka. Inainuka, inashuka. Ile sentensi ya kuongeza aliiweka mahali pake kichwani kabla hajafika, akapita nayo bila kupunguza mwendo. Doris alisogea akasimama nyuma yake. Mama alipofunua khanga, shughuli nzima ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko ule wa Doris kutafuta aya ya kwanza.

Wakaitoa kwenye printa, ile ya zamani iliyopiga kelele, karatasi ina matundu pembeni. Bwana Chandu akaisoma mstari kwa mstari, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kosa halikuwepo.

"Lakini bado umerudisha mistari kwa mkono," akasema.

"Nimeirudisha. Barua hii ikifika Ulaya, kuna mtu atajua mstari upi umerudi wenyewe na upi umerudishwa?"

"Na kesho nikitaka kuongeza sentensi nyingine?"

"Nitaandika upya kesho." Mama alikuwa anajifunga khanga yake taratibu. "Siku nitakayoijua mashine yako inavyotaka, sitaandika upya. Kujifunza nitajifunza, sikatai. Lakini vidole ninavyo leo, Bwana Chandu, sihitaji kungoja kuitwa."

Katika maisha yangu sikuwa nimesikia mtu mzima anayeomba kazi akiongea vile. Bwana Chandu akaitazama barua, akamtazama mama, akavua miwani.

"Jumatatu saa mbili," akasema. "Mtoto aende shule. Njoo na hiyo khanga."

Doris alitusindikiza hadi ngazini. Kabla hatujashuka akamrudisha mama ndani akamwonyesha jinsi ya kuihifadhi ile barua, maana isingehifadhiwa ingepotea umeme ukikatika, na mama hilo hakulijua kabisa. Alifanya hivyo siku aliyokosa kazi. Mama akampa michembe yote tuliyobeba. Baadaye Doris alipata ofisi nyingine mjini, na kwa miaka mingi walikuwa wanatembeleana Jumapili, mmoja anamfundisha mwenzake kipanya, mwingine anamfunika mwenzake mikono.

Njiani kurudi mama alivua viatu nikavibeba. Tukafika kwenye jiwe letu. Pale akasimama, akashika kiuno, akacheka peke yake kwa sauti hadi machozi yakamtoka, halafu akaniambia niteleze, anataka kuona. Nikateleza. Sketi ikachanika. Hakunigombeza.

Ndiyo maana nawaambia wanaonicheka wacheke. Tulikuwa na ritani tukaisukuma, tulikuwa na shifti tukainyanyua, tulikuwa na kosa likabaki kosa mpaka uliandike tena. Watoto wetu wana wepesi ambao sisi hatukuuota, na siwanyimi. Mashine ya sasa ingemsaidia mama sana siku ile. Lakini mtu anayeongea na simu huku amejilaza kwenye kochi asiniambie kwamba maneno yangu yamepitwa na wakati. Naikumbuka kwa hamu ile Mkolani ya mawe, baraza yenye harufu ya mafuta, kamba inayorukwa kwa a, s, d, f. Jiwe lenyewe walishalipasua kwa ajili ya msingi wa nyumba. Maneno hayajapasuliwa, na nitayasema dukani kwangu mpaka nifunge mlango.

Mama yupo, tunaishi naye. Miguu haimtii sana. Wiki iliyopita alitaka kumwandikia mdogo wake aliye Majita, na Furaha akamwekea simu mapajani. "Bibi, wewe ongea tu, yenyewe inaandika." Mama akaongea, na maneno yakajipanga pale kwenye kioo. Akavaa miwani, akasoma hadi mwisho.

"Nimesahau kumsalimia shemeji," akasema. "Futa yote."

"Bibi, gusa hapo tu uongeze. Si lazima kuanza upya."

"Najua si lazima."

Furaha akafuta. Mama akaanza tena tangu salamu, polepole, kipande kwa kipande, na kila alipomaliza kipande, mkono wake wa kushoto ulikuwa unanyanyuka kutoka mapajani, unasukuma kidogo kwenda kulia, kisha unarudi kutulia. Furaha aliutazama mara ya kwanza, akautazama mara ya pili. Nilingoja acheke. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini ili bibi yake asisikie:

"Mama, anasukuma nini?"

"Ritani," nikamwambia.